Wafugaji wa Mtaani: Jogoo yupi abaki?

Mama Neema: Shikamooni wakubwa. Nina majogoo wanne chotara, miezi mitano sasa, na mitetea tisa. Watoto wanacheza uani humohumo. Nibakize yupi?

Baba Junior: Yule mwenye umbo kubwa na upanga mwekundu kichwani. Mbegu nzuri hiyo.

Bi Zuhura: Marahaba mwanangu. Baba Junior, umbo lisitangulie, pale kuna watoto. Kwa mitetea tisa anatosha mmoja; jogoo mmoja kwa mitetea 8 hadi 10. Wakizidi, wanawapanda walewale mpaka migongo inanyonyoka na vidonda vinatokea. Ila usimalize uamuzi leo. Miezi mitano ndiyo kwanza damu inachemka, mpole wa sasa anaweza kugeuka. Toa wawili wakorofi, waliobaki waangalie mpaka miezi 9 au 10. Ukiona mitetea wanaanza kunyonyoka, mtenge mmoja.

Mama Neema: Yupo anayekuja mpaka mkononi, watoto wanambeba. Nilidhani ndiye.

Bi Zuhura: Huyo ndiye wa kuchunga zaidi! Jogoo aliyekua akibebwa mara nyingi hamwogopi mtu, na akikomaa anakuona jogoo mwenzake. Anayefaa ni yule anayekupisha: unapita na ndoo, anasogea hatua mbili tatu, anaendelea kuparua. Asikimbie kwa kiwewe, na asikufuate nyuma.

Mzee Hamisi: Jioni mwaga kiganja cha mahindi ya kuparaza, mbali kidogo na mitetea. Jogoo mwema anaokota punje, anaidondosha, anaokota tena, huku anaita ko-ko-ko mpaka wafike wale wao. Anayekula peke yake na kuwadona wanaokuja, huyo kitoweo. Tazama na anavyopanda. Anayewakimbiza mpaka wanajificha kwenye viota hawezi kukaa na kundi dogo.

Elia: Shikamoo Mzee. Dalili ya ukali kwa mtu ni ipi?

Mzee Hamisi: Marahaba. Anashusha bawa moja, anakujia upandeupande, manyoya ya shingo yamesimama, kisha anadona viatu. Ngoma hiyohiyo ya bawa akimchezea mtetea ni posa. Akikuchezea wewe anatafuta vita.

Elia: Apigwe?

Mzee Hamisi: Hapana. Teke kwake ni kukubali vita, kesho anarudi. Usikimbie pia. Simama, msogelee taratibu mpaka apishe yeye, na ushike beseni mbele ya miguu. Watoto wasiingie bila mtu mzima, kwani anaruka kwa vipi vyake, ile miiba ya nyuma ya miguu, na anapomfikia mtu mzima pajani, kwa mtoto mdogo ni usoni. Wiki mbili bila mabadiliko, mchinje. Usimuuzie mwenye watoto bila kumwambia, wala usiatamishe mayai aliyoyarutubisha, maana ukali unarithiwa.

Baba Junior: Na hivyo vipi vya miguuni, vikatwe?

Mzee Hamisi: Ncha tu, kwa tupa, mpaka iwe butu. Ndani kuna mfupa na damu. Ukikata katikati anavuja na kuumia.

Elia: Na kuchi je?

Bi Zuhura: Kuchi ni mbegu ya kupigana, kwa jogoo mwenzake hana simile. Wapo watulivu kwa watu, lakini akae bila mpinzani. Mbegu za kisasa kama Kuroiler na Sasso, wengi ni wapole, ila wazito, wanawaumiza mitetea wadogo wa kienyeji.

Mama Neema: Kwa hiyo wote wanne wakinishinda, ninunue sokoni?

Bi Zuhura: Bora kwa mfugaji, ukamuone akiwa na mitetea wake. Sokoni, kwenye tenga, kila jogoo ni mpole. Ukimleta, mtenge siku 21 na chombo chake cha maji, mkague chawa chini ya mabawa. Chanjo ya ugonjwa wa mdondo (kideri), iitwayo I-2, ni tone moja jichoni, inarudiwa kila miezi mitatu, na wa nyumbani wapate pia. Karantini ikiisha, mwingize bandani usiku, kuku wakiwa kwenye vichanja.

Mama Neema: Asante bibi. Yule wa kubebwa namtenga leo, mahindi namwaga jioni.