Mashine ya kufulia ya zamani, mlango wa mbele: nikague nini kabla ya kununua?

Mzunguko78
Wakuu, habari zenu. Kuna mashine ya kufulia ya zamani inauzwa, ya mlango wa mbele, taimera ya kuzungusha kwa mkono, haina bodi ya kielektroniki. Pipa la nje ni bati lenye enameli, ngoma ya ndani ni chuma cha pua. Ikikamua inatoa mngurumo mzito. Halafu mara nyingine mota inavuma tu bila kuzunguka, hadi uisukume puli kwa mkono ndipo inaondoka. Ninayo multimita na spana za kutosha. Nitajuaje kama inafufulika, na kazi nianzie wapi?

SpanaKumiNaTatu
Mkuu, mota isikutishe. Mota, kapasita, pampu na mipira vina mbadala. Kinachozika mashine hizi ni chuma kilicholiwa, kwa hiyo nenda na tochi na bisibisi, na ukague ikiwa imechomolewa kwenye umeme.

Shika ukingo wa ngoma kwa juu, uinue na kuushusha. Ngoma na pipa vikicheza pamoja, hizo ni springi zake, hakuna shida. Ngoma ikicheza yenyewe ndani ya pipa, beringi zimekwisha. Kisha izungushe polepole ukitazama nafasi kati ya ukingo wa ngoma na mpira wa mlango. Nafasi ikipanuka na kubana kila mzunguko, shuku spaida, yaani kile kipande cha aluminiamu chenye miguu mitatu kinachoshika ngoma kwa nyuma. Aluminiamu ikigusana na chuma cha pua ndani ya maji ya sabuni huliwa polepole, inaacha unga wa kijivu, mwisho mguu unapasuka.

Fungua mfuniko wa nyuma. Michirizi ya kutu inayoshuka kutoka katikati, nyuma ya puli, maana yake sili, yaani mpira unaozuia maji yasifike kwenye beringi, ilishapitisha maji muda mrefu. Chokonoa kwa bisibisi chini ya pipa na pale hita inapoingilia. Bati likitoboka, achana nayo. Viraka vya epoksi havidumu mahali penye maji ya moto na mtikisiko. Beringi mbovu ni sababu ya kushusha bei. Spaida iliyopasuka na spea haipatikani, hiyo ni sababu ya kuondoka.

GrisiNyeupe
Naongezea upande wa beringi, maana hapo ndipo wengi huharibu mashine nzima.

Piga picha kila waya kabla ya kuchomoa. Ondoa kwanza mawe ya uzito, la sivyo pipa litakuelemea. Toa mkanda, legeza bolti ya puli. Ikigoma ipashe moto, kwa kawaida ilifungwa na gundi ya nyuzi za bolti. Puli ikishatoka, rudisha bolti ile kwenye shafti hadi mwisho, ndipo uigonge kwa nyundo ya mpira kusukuma ngoma itoke. Ukigonga shafti tupu, ncha inatanuka na nyuzi zinakufa.

Beringi huwa mbili, kubwa upande wa ngoma na ndogo upande wa puli. Kila moja hutoka upande wake: kubwa unaigonga kutokea nyuma, ndogo unaigonga kutokea ndani. Hamisha panchi huku na huku ili isikae mshazari. Namba imechongwa ubavuni. 6205 ni milimita 25 ndani, 52 nje, unene 15. 6206 ni 30, 62 na 16. Chukua zenye vifuniko vya mpira pande zote mbili, alama 2RS. Sili nayo isome namba zake tatu, ndani, nje na unene. Usikadirie kwa macho, tofauti ya milimita moja inatosha kuvujisha.

Beringi mpya zilaze friza saa mbili, nyumba yake, yaani tundu zinamokaa, ipashe joto kidogo, zitaingia bila vita. Zigonge kwenye pete ya nje tu, beringi kuukuu inafaa kuwa kitako cha kugongea. Ukigonga pete ya ndani, vigololo vinaacha alama kwenye njia yake na mngurumo unarudi mapema. Mwisho sili, midomo yake ijazwe grisi isiyoyeyuka kwa maji.

Mashine ikiwa na shokapu za msuguano, zile zinazotuliza mtikisiko wa pipa, pale usiweke grisi hata tone.

WayaMwekundu
Mota inayovuma na kuondoka ukiisukuma, mshukiwa wa kwanza ni kapasita, kile kinachoisaidia mota kuanza kuzunguka. Itoe chaji kwanza kwa kuunganisha balbu kwenye miguu yake, bisibisi si kifaa cha kazi hiyo. Weka mpya yenye maikrofaradi zilezile, na volti zisipungue zilizoandikwa. Kapasita za kabla ya miaka ya 1980 nyingi zilitumia mafuta yenye sumu aina ya PCB, kwa hiyo ikiwa imevuja vaa glavu.

Hita ya wati 2000 kwa volti 230 isome karibu na omu 26. Multimita haitoshi kuona kama inavujisha umeme kwenye bodi, yaani kava la chuma la mashine. Tafuta mega, kipimo cha uvujaji wa umeme, ya volti 500, na chini ya megaomu 1 usiiwashe. Waya wowote ambao gamba lake linakatika ukiukunja, badilisha wote, usifunge tepu. Waya wa ethi uanzie kwenye bodi hadi kwenye plagi, na mashine ikae kwenye swichi ya kinga ya miliampia 30, ile inayokata umeme ukivuja.

Soma pia kibati cha nyuma. Kama imeandikwa 60 Hz na umeme wako ni 50, transfoma itarekebisha volti tu. Mota itapunguza mwendo na kupata joto zaidi, na taimera itafanya programu ya dakika 60 iende 72. Hiyo taimera usiizungushe kinyume, swichi zake za ndani zinavunjika.

Mzunguko78
Asanteni sana wakuu. Nimeichukua na nimeshaifungua. Pipa zima, spaida zima, beringi zimejaa kutu. Ila kwenye shafti, pale sili inapokaa, kuna mfereji, kucha inanasa.

GrisiNyeupe
Kucha ikinasa, sili mpya peke yake haitashika. Msasa namba 600 kisha 1000 unafaa kwa mikwaruzo, si kwa mfereji. Kama nyumba ya sili ina nafasi, ikalishe milimita moja au mbili mbele au nyuma ili mdomo wake uguse sehemu ya shafti isiyolika. Kama haina, vika shafti bushi nyembamba ya chuma cha pua inayotengenezwa kwa ajili ya sili. Pima kwa kalipa pia pale beringi inapokaa. Beringi ya 6205 ikiingia kwa kidole na kucheza, shafti imeliwa na itazunguka ndani ya beringi, hapo ni kwa fundi wa mashine ya kukerezea.

Ukishaifunga, izungushe tupu kwa maji ya moto, mfuniko wa nyuma wazi, karatasi kavu chini ya puli. Usiguse chochote huku inazunguka. Karatasi ikibaki kavu, kamua na taulo mbili, kisha zima, chomoa, uitazame tena.