Chumba cha kulia chenye mbao nyeusi ukutani, nipake rangi au nizisafishe zibaki?

Mrithi_wa_Nyumba

Habarini wakuu, naomba mnisaidie maana hili jambo nimezunguka nalo kichwani mwezi wa tatu huu. Chumba chetu cha kulia kimevikwa mbao ukutani toka sakafuni mpaka kwenye silingi, pande zote nne, kahawia iliyoiva inayokaribia weusi alaf juu yake vanishi ya kung'aa. Nyumba ilikuwa ya baba, hizo mbao alizipigilia mwenyewe na rafiki yake fundi mwaka 1976, mimi sijazaliwa bado. Baba hayupo tena na sasa tunaishi mimi na familia yangu.

Shida ni kwamba chumba kinazama. Saa sita mchana tunawasha taa, dirisha ni moja tu, meza nyeusi, viti vyeusi, kabati jeusi, pazia zito rangi ya damu ya mzee, na taa ni moja katikati ya dari inapiga ile vanishi mpaka unaona miwako ya balbu ukutani lakini sahani iliyo mbele yako huioni vizuri. Watoto wanakula haraka wanakimbilia sebuleni.

Mke wangu anasema tupake nyeupe yote tumalize. Dada yangu mkubwa aliposikia hivyo akanyamaza kwenye simu, akasema tu "kazi ya mikono ya baba hiyo", akakata. Basi juzi nimeshusha saa ya ukutani nibadilishe betri nikakuta duara, yani pale ilipokuwa saa mbao ni rangi ya asali, mistari yake inaonekana mmoja mmoja kama imechorwa kwa penseli, na nje ya duara kote ni utando mweusi. Nimekaa na betri mkononi naliangalia hilo duara sijui dakika ngapi. Miaka yote nilikuwa nadhani hizi mbao zilikuja zikiwa nyeusi.

Sasa sijui nifanye nini, kuna mbao mbili chini ya dirisha zimevimba pia na ukizigonga zinalia tofauti na zingine. Aliyewahi kupitia hili aniambie ukweli, na kama ni kupaka basi mnieleze kupaka kunavyotakiwa.

Fundi_Msasa

Pole na mzee, Mungu amrehemu. Kaka usinunue hata brashi kwanza. Jambo la kwanza ujue hizo ni mbao za aina gani maana majibu yote yanatokea hapo. Zima umeme kwenye swichi kuu, fungua kifuniko cha swichi moja ya ukutani uangalie ubavu wa mbao pale ilipokatwa. Ukiona mistari inapita mpaka ndani hiyo ni mbao halisi. Ukiona tabaka tabaka ni plaiwudi yenye ngozi nyembamba ya mbao nzuri juu, hiyo ngozi mara nyingi haifiki hata milimita moja, kwahiyo msasa mzito utaitoboa. Ukiona kitu kama karatasi iliyogandishwa na mistari iko usoni tu, hiyo ni bodi imechapwa picha ya mbao, hiyo paka rangi tu bila kumuuliza mtu, hakuna cha kuokoa.

Pili, hizo mbili zilizovimba chini ya dirisha. Hilo ni maji. Ama fremu inavujisha mvua ama ukuta unavuta unyevu toka chini. Zitoe uone nyuma, angalia ukungu, angalia mchwa, angalia kama kuna vumbi laini kama unga chini ya vitobo vidogo maana hao ni wadudu wa mbao. Ukipaka rangi juu ya unyevu itabanduka ndani ya mwaka. Ziba chanzo kwanza, acha pakauke wiki kadhaa, ndo uendelee.

Tatu, SAFISHA. Lile duara lako linasema mambo mawili, mwanga wa miaka umezibadilisha rangi mbao zilizo wazi, na juu yake kuna moshi, mafuta ya jikoni na nta za kung'arishia zilizopakwa juu kwa juu. La kwanza halitoki kwa kusafisha, la pili linatoka. Chukua maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo kidogo, kitambaa kikamuliwe kabisa, usimwagie ukuta maji. Pakikauka pita na tapentaini kwa kitambaa cheupe madirisha yakiwa wazi, utaona kitambaa kinavyogeuka. Anza nyuma ya kabati, eneo la upana wa kiganja.

Alaf ujue vanishi yako ni ya aina gani. Tone la spiriti kwenye kona iliyojificha, subiri dakika mbili, ikiwa inanata hiyo ni shelaki, vanishi ya asili inayotokana na wadudu. Isiponata jaribu tone la thina ya laka, ikilainika ni laka. Vyote visipoigusa basi ni vanishi ya mafuta au poliyurethani. Ukijua hilo unajua utaitoa kwa kitu gani au utapaka nini juu yake kikashika. Lete majibu.

Nilipaka_Nikajuta

Mi naongea kwa uchungu kaka, nisikilize. Yangu nlipaka nyeupe ya maji moja kwa moja, nilipiga msasa kidogo nikaona inatosha, fundi naye akasema twende. Siku ya kwanza chumba kikafunguka, nikafurahi nikapiga picha. Siku ya nne ikaanza kutoka rangi kama kutu, kwanza kwenye vile vifundo vya mbao alaf ikashuka na mistari, ukuta mzima ukawa kama umevuja. Nikapaka mkono wa pili. Ikatoka. Wa tatu ikatoka. Ndo nikaja kuelewa ndani ya mbao kuna tanini, kemikali ya asili inayotia rangi, na inayeyuka kwenye maji, kwahiyo rangi ya maji ndo yenyewe inaivuta ije juu, unaweza kupaka mikono kumi.

Dawa yake ni praima (rangi ya msingi) ya kuzuia madoa, ile ya shelaki au ya mafuta, SIO praima ya kawaida ya ukuta wa plasta. Ya shelaki inakauka haraka chini ya saa moja unaweza kurudia, ila harufu yake ni kali, vaa barakoa ya kuchuja mvuke na fungua kila kitu, moto usiwepo karibu. Vifundo uvipake mara mbili. Ikikauka hapo rangi ya maji inakaa vizuri.

Na zile nafasi kati ya mbao na mbao, usizijaze puti ili ukuta uonekane laini. Mbao zinapanuka na kusinyaa na hali ya hewa, puti itapasuka mistari mirefu. Mimi nilijaza, nimekaa wiki nzima naitoa kwa bisibisi. Paka ndani ya nafasi kwa brashi ndogo kwanza ndo upite na rola juu, la sivyo kipindi cha ukavu mbao zikisinyaa utaona vistari vyeusi vya mbao tupu.

Lingine la mwisho, ukishapaka mbao kuirudisha ni kazi ya kulia, rangi inaingia kwenye mistari na vitobo vya mbao hata ukitumia dawa ya kubandua kuna vyeupe vinabaki. Kwahiyo kama dada yako roho yake iko pale, msikilize kabla hujafungua kopo.

Mpenda_Mwanga

Mi naona mnaongelea ukuta tu, ila nikimsoma mwenye mada kinachomsumbua ni giza, na giza hilo nusu yake haliko ukutani kabisa. Taa moja katikati ya dari kwenye chumba cha mbao nyeusi haiwezi, mbao inanyonya mwanga na ile vanishi ya kung'aa inarudisha miwako tu inayoumiza macho.

Shusha taa ije juu ya meza, ukingo wa chini wa kofia ya taa uwe kama sentimita 75 mpaka 90 kutoka usawa wa meza, hapo inaangaza sahani na nyuso na haimzuii mtu kumuona aliye mbele yake. Balbu iwe kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 2700 mpaka 3000, ile nyeupe ya bluu ikikutana na mbao ya kahawia chumba kinakuwa kama kijivu kilichougua. Angalia kwenye boksi pia CRI 90 au zaidi, hiyo ndo inafanya rangi za vitu zionekane zilivyo. Alaf weka taa mbili ukutani au taa ya kusimama kwenye kona, na swichi ya kupunguza mwanga.

Pazia litoe leo hii. Weka kitambaa chepesi cha rangi ya maziwa na fimbo yake ipite dirisha kila upande sentimita 20 au 30, ili ukilifungua linakaa ukutani na kioo chote kinabaki wazi. Silingi paka nyeupe, nina hakika imeshakuwa njano na hujaijua. Kama unaweka zulia liwe la rangi nyepesi na lizidi meza kama sentimita 60 kila upande, viti vikivutwa nyuma miguu isikwame kwenye ukingo. Kioo cha ukutani usikiweke kikatazama ukuta wa mbao, kitakupa kuta mbili nyeusi, kiweke kinapoona dirisha.

Fanya hayo ukae wiki mbili, ndo uamue habari ya ukuta.

Jirani_wa_Fundi

Kwanini asipigilie jipsamu juu akamaliza, mbao zikabaki nyuma salama?

Fundi_Msasa

Inawezekana ila sio kwa haraka hivyo. Soketi na swichi zote zitabaki zimezama ndani inabidi masanduku yake yaletwe mbele, fremu za mlango na dirisha zitakuwa nyuma ya ukuta, sketi, ule ubao wa chini ya ukuta, inatolewa, chumba kinapungua. Na zile misumari elfu za jipsamu zinaingia kwenye mbao hizohizo unazosema ziko salama. Kama nyuma kuna unyevu ndo umeufungia kabisa. Kwa huyu mwenzetu sishauri.

Mrithi_wa_Nyumba

Wakuu nimerudi. Nimefungua swichi, ni mbao halisi, kama milimita 12 hivi, na zimeingiliana ubavuni. Spiriti haikufanya kitu, thina nayo hapana. Zile mbili chini ya dirisha nimezitoa, fremu ya dirisha kwa nje ina ufa wa kuingiza kidole na nyuma ya mbao plasta imelowa, mbao moja imeoza ncha. Mchwa hakuna.

Nimesafisha mbao tatu nyuma ya kabati. Maji ya kwanza yalitoka meusi, kitambaa cha tapentaini kikatoka kama nimefuta sufuria. Sijui niseme nini, mbao imerudi. Haijawa asali kama ile ya kwenye duara ila ni kahawia ya joto, na kwenye moja nimekuta alama ya penseli, namba 14 na mshale unaoelekea juu. Mwandiko wa baba, ile 4 yake iliyo wazi juu. Mke wangu alikuja akaangalia akasema basi hii usiipake.

Ila yeye bado anataka weupe na mimi namuelewa, kula ndani ya sanduku hapana. Kuna njia ya kati? Na fremu ya dirisha ina rangi za zamani tabaka nyingi nataka kuikwangua.

Fundi_Msasa

Hiyo namba usiifute, ikiwezekana ipake vanishi juu uifungie hapohapo.

Njia ya kati ipo na ni ya zamani kuliko sisi wote. Mbao zibaki chini mpaka kama sentimita 90 hivi, yani theluthi ya ukuta, juu yake piga ubao wa mlalo kuzunguka chumba, na sehemu ya juu ndo inapakwa nyeupe ya maziwa. Juu ndiko mwanga unakopiga, chini ndiko viti vinagonga. Au chagua ukuta mmoja, ule unaotazama dirisha upakwe wote maana ndo unapokea mwanga na kuurudisha, kuta tatu zibaki. Mimi ningeanza na huo mmoja, hauhitaji kukata kitu wala kupigilia kitu.

Zinazobaki, usirudishe vanishi ya kung'aa. Zikishasafishwa pita msasa namba 320 kwa mkono kufuata mistari, futa vumbi, alaf vanishi ya maji isiyong'aa mikono miwili. Ya maji haibadiliki njano kama ya mafuta. Usitumie steli wuli hapo, vipande vyake vinabaki kwenye mbao na vanishi ya maji vinaota kutu.

Fremu usiikwangue ikiwa kavu wala usiichome moto. Rangi za zamani nyingi zilikuwa na madini ya risasi (lead), Marekani yenyewe iliipiga marufuku majumbani mwaka 1978, na vumbi lake ni baya sana kwa watoto. Ipime kwanza, na kama ipo lowanisha unapokwangua, watoto wasiwepo, takataka ifungwe.

Na vitambaa vya tapentaini vitandaze nje vikauke kimoja kimoja, usivikunje ukavitupa kwenye pipa. Ukija kutumia mafuta ya kitani ndo kabisa, vitambaa vyake vikirundikwa vinapata joto venyewe mpaka vinawaka, nimeshaona karakana imeanza hivyo usiku.

Mpenda_Mwanga

Nakubaliana na ukuta mmoja. Jaribu kwanza kwa kutundika shuka jeupe ukuta mzima uone asubuhi na jioni.

Mrithi_wa_Nyumba

Shuka limetundikwa toka jana, pazia limetoka, na kwa mara ya kwanza tumekula mchana bila taa. Ufa wa dirisha fundi anaziba wiki hii, nasubiri pakauke. Dada nimemtumia picha ya ile namba 14, akapiga simu mwenyewe, akaniambia yeye ndo alikuwa ameshika penseli baba akimpa, alikuwa na miaka saba na alikuwa anamtajia namba zinazofuata. Anakuja Jumamosi na nguo za kazi. Amesema ukuta unaotazama dirisha tupake, ila ule wenye duara la saa atausafisha yeye.