Nyuzi 8 zinachelewa kuliko uzi mmoja: sababu ni nini?

Muulizaji, Moshi

Ndugu zangu, natumaini hamjambo. Nimeandika kwa C++ programu inayopitia rekodi za mizani ya kahawa na kuhesabu magunia yenye uzito pungufu ya kilo 60. Kompyuta yangu ina viini 8, yaani sehemu 8 za kichakataji zinazoweza kufanya kazi kwa wakati mmoja, kwa hiyo niligawa rekodi kwa nyuzi 8 (thread, yaani mikondo ya kazi inayokwenda sambamba ndani ya programu moja), na kila uzi nikaupa kihesabio chake cha baiti 8 ndani ya orodha moja. Hakuna kihesabio kinachoguswa na nyuzi mbili, sikutumia kufuli la kuzifanya zisubiriane, na rekodi zote huwa zimeshapakiwa kwenye kumbukumbu kabla ya kuhesabu. Majibu ni sahihi, lakini uzi mmoja unamaliza mapema kuliko nyuzi 8. Naomba nielezwe sababu, si dawa peke yake.

Fundi wa Sakina, Arusha

Kichakataji hakichukui kumbukumbu baiti mojamoja, bali mstari mzima wa kashe (kumbukumbu ndogo ya kasi iliyo karibu na kiini), ambao kwa Intel na AMD ni baiti 64. Vihesabio 8 vya baiti 8 vinaenea humo vyote, au katika mistari miwili iwapo orodha haikuanzia mwanzo wa mstari. Kiini kikitaka kuandika, ni lazima kwanza kiumiliki mstari huo peke yake, na nakala zilizo kwenye viini vingine zibatilishwe. Kiini jirani kinachotaka kuongeza moja tu kwenye kihesabio chake, ambacho hakuna mwingine aliyekigusa, kinalazimika kuuomba upya. Ni sawa na makarani wanane wa chama cha msingi waliopewa daftari moja: kila mmoja ana safu yake, lakini ukurasa ni mmoja, na muda wao unaishia katika kupokezana.

Uache kila uzi ujumlishe katika kigeu chake cha ndani, kisha uandike orodhani mara moja, mwishoni. Kutenganisha vihesabio kwa alignas(64), agizo la C++ la kukianzisha kila kimoja kwenye mstari wake, kunafaa pia, ila mimi napendelea njia ya kwanza.

Mwalimu wa Njiro, Arusha

Nakubaliana, lakini 64 si namba ya kila mahali: kwenye kichakataji cha M1 cha Apple mstari ni baiti 128. Tena, kusoma pamoja hakudhuru. Kinachogharimu ni kuandika. Kama unatumia Linux, amri ya perf c2c itakuonyesha mstari unaogombewa, na ningekusihi upime kabla ya kubadilisha chochote, kwa sababu kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine) ikiboresha msimbo inaweza kukiweka kihesabio kwenye rejista, yaani hifadhi ndogo ndani ya kiini chenyewe, na tatizo likajificha.

Muulizaji, Moshi

Nawashukuru sana. Nilipima, na mstari uliogombewa ulikuwa ule wa vihesabio. Kwa vigeu vya ndani, nyuzi 8 sasa zinautangulia uzi mmoja kwa mbali, ingawa si mara 8. Nikitumia rekodi chache zinazoenea kwenye kashe, pengo hilo la kutofikia mara 8 linapungua, kwa hiyo naona kikwazo kilichobaki ni njia ya kwenda kwenye kumbukumbu kuu, ambayo viini vyote vinaitumia pamoja. Nitahifadhi uzito kwa baiti 2 badala ya 8, kisha nipime tena.