Kukaza tumbo baada ya kujifungua kwa upasuaji: asubiri muda gani?

Swali: Mama alijifungua kwa upasuaji miezi 4 iliyopita, bado ananyonyesha. Anaweza kukazwa tumbo lini, yaani upasuaji wa kuondoa ngozi iliyozidi na kushona misuli iliyolegea?

Jibu: Bado mapema sana, dada. Angalau miezi 6, na mwaka 1 ni bora: kovu linalainika, na misuli iliyoachana wakati wa mimba huendelea kusogeleana yenyewe. Aache kunyonyesha miezi 3 hivi kabla, na uzito uwe umetulia. Akipanga mtoto mwingine, asubiri. Mimba hulegeza tena misuli iliyoshonwa.

Jibu: Naongezea: mahali pa kovu ni muhimu kuliko hata miezi. Kovu la chini la kujifungua mara nyingi huondolewa pamoja na ngozi iliyozidi. La kuogopa ni kovu refu chini ya mbavu za kulia, la kutolea kibofu cha nyongo. Limeshakata mishipa inayolisha ngozi ya tumbo, hivyo daktari akiibandua ngozi kutoka kwenye misuli kwa upana, ngozi iliyo chini ya kovu hilo inaweza kufa. Daktari aambiwe mapema, ili abandue eneo dogo.

Jibu: Na sigara zikome wiki 4 kabla na 4 baada. Kovu likituna akikohoa, apimwe ngiri (utumbo kusukuma nje kupitia misuli iliyolegea) kwanza.