MREJESHO: Pikapu inayokunywa mafuta

Wakuu salama? Nilikuja hapa kuuliza pikapu yangu dabo kebini, petroli 2.7, nifunge nini ipunguze ulaji, asanteni wote mliojibu hata wale mlioniambia niuze ninunue ya dizeli 😂

Kilichofanya kazi kweli ni matairi. Nimetoa zile madi teren (tairi za matope) saizi 285/75R16 nimerudisha 265/70R16 za lami, gari ikawa nyepesi papo hapo. Halafu yule mkuu aliyesema tairi kubwa inadanganya dashibodi alikuwa sahihi, zile 285 ni ndefu kwa kama asilimia 7 kwa hiyo kilomita zilikuwa zinasomeka pungufu, ulaji ukaonekana mbaya kuliko ulivyo. Fundi kapima kwa mashine akakuta sensa ya oksijeni (ile ya kwenye ekzosi inayosaidia gari kupima mafuta ya kuchoma) imechoka, tumeweka mpya na plagi, na keria ya juu nimeivua maana ilikuwa inabeba upepo tu.

Dar–Moro nikijaza mpaka pampu ikate, zamani nilipata kama kilomita 7 kwa lita, sasa inagonga karibu 9. Foleni za mjini bado inakunywa, hapo sijaona tofauti ya maana.

Kale kadude ka kuchomeka kwenye soketi ya OBD (ile ya kuchomeka mashine ya kupima gari), eti kapunguze mafuta, ni taa tu zinawaka, msinunue. Kava la bodi halijapunguza mafuta ila mzigo haulowi, nimeliacha. Eya klina (chujio la hewa) ya koni sikufunga, ni kelele tu na vumbi.

Atakayetaka zile 285 zipo, bado zina kashata (meno ya tairi) nzuri, njoo PM (ujumbe binafsi).