Pampu ya insulini iliyokwisha kutumika: je, inaweza kudukuliwa?

Mama wa Tanga
Ndugu zangu, habari za leo. Binti yangu wa miaka 14 ana kisukari aina ya kwanza, na hujichoma sindano nne kila siku. Mjomba wake aliyeko Marekani ametuletea pampu ya MiniMed Paradigm 722 iliyokwisha kutumika, pamoja na rimoti yake; picha yake nimeiweka hapo chini. Sasa nasikia kwamba mtu aliye karibu anaweza kuiamuru itoe insulini. Ni kweli, au ni uvumi tu?

Fundi wa Vifaa Tiba
Dada, ni kweli. Mwaka 2011 Jay Radcliffe, mtaalamu wa usalama wa kompyuta ambaye mwenyewe ana kisukari, alionyesha mjini Las Vegas jinsi pampu aliyokuwa akiivaa ilivyoweza kuingiliwa, na tarehe 27 Juni 2019 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliwatahadharisha watumiaji wa MiniMed 508 na Paradigm kadhaa, hiyo yenu ikiwamo. Pampu hizo hupokea amri kwa mawimbi ya redio bila kinga ya kutosha ya kumtambua anayeamuru. Medtronic, kampuni iliyozitengeneza, haikuweza kuziba pengo hilo kwa programu mpya, ndiyo maana wagonjwa walishauriwa wahamie kwenye pampu nyingine. Wakati huo hapakuwa na taarifa iliyothibitishwa ya mgonjwa aliyedhurika hivyo, lakini insulini ikizidi, sukari hushuka hadi mtu akazimia, nami nisingependa mtoto alale na kifaa hicho kiunoni.

Mama wa Tanga
Je, nikiitupa rimoti?

Fundi wa Vifaa Tiba
Haitoshi, kwa kuwa mvamizi huja na chombo chake. Tena picha yako inaonyesha namba ya utambulisho iliyo mgongoni mwa pampu. Tafadhali iondoe sasa hivi, kwani namba hiyo ni ya kutunzwa kama namba ya siri ya benki.

Mvaa Pampu, Mombasa
Naunga mkono. Anayelazimika kuendelea na pampu ya zamani asipuuze mlio wala mtetemo wake, apime sukari mara kwa mara, na akiona kwenye kioo dozi asiyoiagiza, aisimamishe papo hapo. Mtoto aliye darasani hawezi kukesha na kioo.

Mama wa Tanga
Picha nimeiondoa, na betri nimeitoa. Alhamisi tuna kliniki. Nitamkabidhi daktari pampu hiyo, na binti ataendelea na sindano zake.