Hita ya gesi, ya umeme au ya dizeli: ipi ya kutegemea ukiishi kwenye karavani majira ya theluji?

Mhamaji_7: Wakuu, heshima kwenu. Nataka kuishi ndani ya karavani, ile nyumba ya magurudumu, msimu wote wa baridi, usiku unaweza kufika nyuzi -15. Hita ya gesi iliyokuja nayo inatafuna mitungi kama mchwa. Nitaegesha penye soketi, kwa hiyo nafikiria kuizima na kutumia ya umeme. Wengine wananiambia dizeli. Mliopitia haya, nisaidieni.

FundiBomba: Umeme ni mtamu, hauna moshi wala mtungi. Lakini hita yako ya gesi haikupashi joto wewe peke yako, mkuu. Karavani nyingi za baridi zina njia ya hewa moto inayoshuka chini ya sakafu, kwenye matangi na mabomba. Ukiizima, juu unakaa na fulana, chini maji yamekuwa jiwe. Mimi bomba lilipasuka na sikujua mpaka barafu ilipoyeyuka.

Nyota_Baridi: Kweli kabisa. Natumia umeme mchana, gesi usiku. Waya wa kurefushia uwe mnene: hita ya wati 1,500 kwenye volti 120 inavuta ampea 12.5, waya mwembamba utapata moto kabla yako. Na jiko usilifanye hita! Kilo 1 ya propani, gesi ya mtungi, ikiungua inatoa maji kama kilo 1.6, yote yanabaki ndani. Madirisha yatatoka jasho, godoro litaota ukungu. Hapo sijataja monoksidi ya kaboni, gesi ya sumu isiyo na harufu.

Mhamaji_7: Na gesi yenyewe haisumbui kwenye baridi?

Kifaru: Inategemea ni gesi gani. Butani hugoma kugeuka mvuke karibu na nyuzi 0, propani huvumilia hadi -42. Chukua propani isiyochanganywa. Mimi ni mtu wa dizeli, inakunywa kidogo sana. Ubaya wake, inapoanza kuwaka inavuta ampea kama 10 kwenye betri ya volti 12, na dizeli isiyo ya msimu wa baridi inaganda kama nta. Betri ikiwa ya lithiamu, usiichaji chini ya nyuzi 0, utaiua.

FundiBomba: Mnabishania hita wakati upepo unapita chini ya sakafu! Zungushia kwanza bodi za povu gumu kutoka ukingo wa karavani hadi ardhini. Valvu ya tangi la choo ifunge, ufungue likijaa tu. Ukiiacha wazi, maji yanachuruzika kidogo kidogo na kuganda kwenye bomba la kumwagia.

Mhamaji_7: Basi gesi inabaki, na bodi nanunua. Dizeli labda baadaye.

Kifaru: Ukifika huko, angalia bomba la moshi. Mara nyingi linatokea chini ya sakafu. Lirefushe lipite nje ya hizo bodi, la sivyo moshi unajaa humo chini na kupanda ndani umelala. Kitambuzi cha monoksidi nunua leo, usisubiri dizeli.